Mwindaji hodari huanzia kwenye uwanja wa shabaha

NI alfajiri ya Jumamosi, Novemba, katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Mwindaji aliyevalia koti la rangi ya chungwa inayong'aa ameketi kimya kwenye jukwaa lililojengwa juu ya mti. Kulungu wa mkia mweupe anajitokeza kati ya miti, umbali wa mita 150 hivi, anasimama, anainua kichwa.

Mwindaji ana sekunde chache tu za kuamua.

Iwapo risasi itampata mnyama huyo kwenye moyo au mapafu na kumwangusha papo hapo, au itamvunja mguu na kumwacha atorokee vichakani akafe polepole kwa siku kadhaa, ni jambo ambalo kwa kiasi kikubwa liliamuliwa wiki kadhaa zilizotangulia, juu ya meza ya mbao kwenye uwanja wa kulengea shabaha.

Msomaji wa Kenya huenda akauliza jambo hili linamhusu vipi. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji nchini mnamo Mei 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 haikuulegeza msimamo huo.

Hata hivyo, majirani zetu wa Tanzania huruhusu uwindaji wa kitalii, na msimu wao hufunguliwa tarehe 1 Julai. Aidha, Wakenya wengi wamehamia majimbo ya Marekani ambako kuwinda kulungu ni desturi ya kila mwaka, na ambako si ajabu mtu kualikwa na jirani au mfanyakazi mwenzake kuandamana naye msituni. Isitoshe, kanuni za kulenga shabaha ni zile zile kwa askari wa wanyamapori anayelazimika kumwangusha nyati aliyevamia kijiji, na kwa mwanamichezo mwenye leseni anayeshindania alama kwenye karatasi.

Makala haya yanaeleza kinachofanyika uwanjani kabla ya msimu kufunguliwa, na sababu zake.

MISTARI MIWILI ISIYO SAMBAMBA

Watu wengi hudhani kwamba bunduki iliyonunuliwa dukani ikiwa na darubini juu yake iko tayari kwa kazi. Sivyo.

Darubini hukaa juu ya mtutu, kwa kawaida sentimita 4 hivi kutoka katikati ya tundu lake. Jicho la mlengaji hufuata mstari mmoja, nayo risasi hufuata njia nyingine. Kazi ya kurekebisha shabaha ni kuifanya mistari hiyo miwili ikutane katika umbali ambao mwindaji anatarajia kufyatulia.

Jambo la pili ni kwamba risasi haiendi moja kwa moja kama miale ya tochi. Tangu inapouacha mtutu huanza kuanguka, kama vile embe linavyoanguka kutoka mtini.

Chukua mfano wa risasi ya .30-06, iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka wa 1906 na ambayo hadi leo ni mojawapo ya zile zinazopendwa zaidi na wawindaji. Ikiwa na uzito wa gramu 11.7, hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 820 kwa sekunde. Huchukua kama sehemu 13 za mia za sekunde moja kufika mita 100, na katika muda huo mfupi huwa imeanguka karibu sentimita 8.

Ndiyo sababu mtutu huelekezwa juu kidogo kuliko mstari wa jicho. Risasi hupanda, hukata mstari wa jicho karibu na mlengaji, hupita juu yake, kisha hushuka na kuukata tena mbali zaidi. Anayelielewa jambo hili amelielewa somo zima.

KABLA YA RISASI YA KWANZA

Mchagua jembe si mkulima, wahenga walinena. Wapo watu wanaotumia pesa nyingi kununua bunduki na darubini ya bei ghali, halafu wanashindwa kwa sababu ya skrubu moja iliyolegea.

Kazi huanzia nyumbani. Skrubu zinazoshikilia darubini kwenye bunduki, na zile zinazounganisha mtutu na kitako cha mbao au plastiki, sharti zikazwe kwa kiwango alichoagiza mtengenezaji. Darubini inayocheza hata kwa unene wa unywele itatawanya risasi, na mwenyewe atabaki kuulaumu mkono wake.

Mtutu nao husafishwa na kukaushwa. Mafuta yaliyosalia ndani yake yanaweza kuipotosha risasi ya kwanza. Kwa sababu hiyo, wawindaji wengi wazoefu hufyatua risasi moja au mbili za kuuchafua mtutu kidogo baada ya kuusafisha, kisha hawausafishi tena kwa ukamilifu hadi msimu umalizike, mradi usilowe maji.

La tatu ni aina ya risasi. Bunduki moja inaweza kupeleka risasi za kampuni moja mahali fulani kwenye karatasi, na za kampuni nyingine sentimita kadhaa kando, hata kama ukubwa wake ni ule ule. Kwa hivyo, mtu hufanya mazoezi ya mwisho kwa risasi zile zile atakazobeba msituni. Kurekebisha shabaha kwa risasi za bei nafuu na kuwinda kwa nyingine za bei ghali ni kujidanganya.

MITA 25, KISHA 100

Kosa la kawaida la mgeni uwanjani ni kuanza na shabaha iliyo mbali. Hufyatua risasi kumi, asione tundu hata moja kwenye karatasi, na asijue zilikwenda wapi.

Mwenye busara huanza karibu, mita 25 hivi. Ikiwa bunduki ni ya aina ambayo komeo lake hutolewa kwa nyuma, huliondoa, huilaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, kisha huchungulia ndani ya mtutu hadi aione shabaha katikati ya tundu. Bila kuisogeza bunduki, huzungusha vidude vya darubini mpaka msalaba wa mistari ukae juu ya shabaha hiyo hiyo. Hapo hajatumia risasi hata moja, na tayari amekaribia.

Baadaye hufyatua risasi moja au mbili na kurekebisha. Bunduki ambayo risasi yake inakutana na mstari wa jicho kwenye mita 25 kwa kawaida itapiga sentimita 5 hadi 7 juu ya shabaha kwenye mita 100. Hilo latosha kumhakikishia kwamba atalipata karatasi atakapohamia mbali.

Kwenye mita 100 ndipo kazi yenyewe hufanywa. Bunduki hulazwa juu ya mifuko ya mchanga, mmoja mbele chini ya ubao na mwingine nyuma chini ya kitako. Mtutu wenyewe haupaswi kugusa chochote, kwani hutetemeka wakati wa kufyatua, na ukiegemezwa kwenye kitu kigumu risasi hubadili mwelekeo.

HESABU YA 'TIK'

Vidude vya darubini hutoa mlio mdogo, 'tik', kila vinapozungushwa hatua moja. Katika darubini nyingi zinazouzwa Marekani, hatua hiyo ni robo ya dakika moja ya pembe. Nyuzi moja ya pembe ina dakika 60, na dakika moja ni sawa na karibu sentimita 3 kwenye umbali wa mita 100. Kwa hivyo kila 'tik' husogeza risasi kiasi cha milimita 7.

Tuseme risasi zimepiga sentimita 5 kushoto na sentimita 8 chini ya shabaha. Mlengaji atazungusha hatua 7 kuelekea kulia na hatua 11 kuelekea juu. Hakuna kubahatisha.

Lakini hesabu hiyo hugeuka umbali unapobadilika. Kwenye mita 25, 'tik' moja haifiki milimita 2, kwa hivyo hatua zinazohitajika ni mara nne zaidi. Wengi hulisahau hilo, wakapoteza pakiti nzima ya risasi wakikimbizana na shabaha.

Baadhi ya darubini, hasa za Ulaya, hutumia kipimo ambacho kila 'tik' ni sentimita 1 kamili kwenye mita 100. Ni muhimu mtu asome kipimo kilichoandikwa juu ya kidude kabla ya kukigusa.

Jambo jingine linalowakosesha wengi ni kurekebisha darubini baada ya kila risasi. Hakuna bunduki inayopiga tundu lile lile daima. Kila bunduki hutawanya risasi zake kidogo, na tundu moja halionyeshi katikati ya mtawanyiko huo.

Njia ifaayo ni kufyatua risasi tatu bila kugusa darubini, kutafuta katikati ya matundu hayo matatu, na kurekebisha kutoka hapo. Kisha hufyatuliwa nyingine tatu kuthibitisha. Hata tatu ni chache, na anayetaka kuwa na hakika atarudia siku nyingine na kulinganisha karatasi zake.

Aidha, mtutu hupata joto. Ukipiga risasi nyingi kwa mfululizo, mwembamba hasa, unaweza kuanza kupeleka risasi kando. Msituni, risasi iliyo na maana ni ile ya kwanza kutoka kwa mtutu baridi. Ndiyo maana wazoefu huiacha bunduki ipoe kwa dakika kadhaa, na huweka kumbukumbu maalumu ya pale ambapo risasi ya kwanza ya kila siku imepiga.

UMBALI NA UPEPO

Bunduki ikisharekebishwa ipige katikati kwenye mita 100, itapiga wapi kwenye mita 200?

Kwa risasi tuliyoitaja, ni sentimita 12 hadi 14 chini. Kwenye mita 300 ni karibu nusu mita chini. Mwindaji asiyejua hilo atamlenga kulungu kifuani na kumpiga mguuni, au atamkosa kabisa.

Wawindaji wengi wa nyanda za wazi hulitatua tatizo hili kwa kurekebisha bunduki ipige katikati kwenye mita 200. Hapo risasi hupita sentimita 6 au 7 juu ya mstari wa jicho kwenye mita 100, na kushuka kiasi cha robo mita kwenye mita 300. Sehemu ya kulungu yenye moyo na mapafu ni duara la takriban sentimita 20, kwa hivyo kutoka alipo hadi kupita mita 200 kidogo, mwindaji anaweza kulenga katikati bila kupiga hesabu. Katika msitu mnene, ambako mnyama huonekana kwenye mita 60 au 80, marekebisho ya mita 100 yanatosha.

Upepo nao una hila zake. Upepo wa ubavuni wenye kasi ya kilomita 16 kwa saa, ambao hutikisa majani na vitawi vidogo tu, huisogeza risasi hiyo kiasi cha sentimita 2 kwenye mita 100, sentimita 8 hivi kwenye mita 200, na kama sentimita 20 kwenye mita 300. Msomaji atatambua kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, athari ya upepo huongezeka mara nne.

MTU NDIYE MWENYE KASORO

Baada ya bunduki kurekebishwa, humbakia mwindaji kujirekebisha mwenyewe. Hili ndilo gumu zaidi.

Adui mkubwa wa shabaha ni hofu ya kishindo. Bunduki hupiga kelele na kulisukuma bega kwa nguvu. Baada ya risasi chache, mwili hujifunza kujikaza na jicho kufumba kabla tu ya mlio. Mlengaji mwenyewe hatambui, kwa sababu kishindo huficha kosa lake.

Dawa yake ni ya zamani na haina gharama. Mwenzako huipakia bunduki akiwa amekupa mgongo, mara nyingine akiweka risasi ya kweli, mara nyingine ile bandia isiyo na baruti. Ukifyatua ile bandia na mtutu ukaruka, basi umejifichua. Zoezi hilo hurudiwa hadi mtutu utulie.

Kidole nacho hukibonyeza kifyatulio polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma, hadi mlio uwe kama umekuja wenyewe. Anayekivuta kwa ghafla huuvuta mtutu pia. Kuhusu pumzi, mtu huvuta, huitoa nusu au yote bila kujikaza, na hufyatua katika kile kituo kifupi kabla ya kuvuta tena. Akikawia zaidi ya sekunde kadhaa, misuli huanza kutetemeka na macho kufifia. Ni heri apumue na kuanza upya.

Baada ya mlio, jicho hubakia kwenye darubini. Anayeinua kichwa haraka kutazama alichopiga, mara nyingi ameanza kukiinua kabla risasi haijatoka.

ACHANA NA MEZA

Meza na mifuko ya mchanga ni vya kuipima bunduki, si vya kumpima mtu. Msituni hakuna meza.

Kwa hiyo, nusu ya pili ya maandalizi hufanywa ukiwa umeketi, umepiga goti, umeegemea mti, au ukitumia fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu. Fimbo hizo hutumiwa sana katika uwindaji wa Afrika, kwa sababu nyasi ndefu haziruhusu mtu kulala chini. Mgeni ambaye hajawahi kuzitumia hushangaa jinsi zinavyoyumba.

Kipimo chenyewe ni rahisi: sahani ya karatasi yenye upana wa sentimita 20, ukubwa wa moyo na mapafu ya kulungu. Mwindaji huiweka kwenye mita 50 na kufyatua risasi tano akiwa ameketi. Zikiingia zote, husogea hadi mita 100, kisha 150. Umbali wa mwisho ambao risasi zote tano ziliingia ndani ya sahani ndio mpaka wake. Mnyama akisimama mbali zaidi ya hapo, mwindaji mwaminifu hushusha bunduki.

Wengi hutoka uwanjani wakiwa wamenyenyekea. Mtu aliyejigamba kuua kwenye mita 300 hugundua kwamba mpaka wake ni mita 120. Ni afadhali aambiwe hivyo na sahani ya karatasi kuliko na mnyama anayevuja damu.

GHARAMA YA KUKOSEA

Katika nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa kitalii, mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kuwa ameuawa, na mteja hulipa ada yote.

Pesa ni hasara ndogo. Nyati aliyejeruhiwa hujificha vichakani na kumvizia anayemfuata. Wajibu wa kumfuata humwangukia mwindaji wa kulipwa na watafuta nyayo wake, watu wa nchini ambao hawakufyatua risasi ile. Kosa la mgeni aliyepuuza mazoezi kwao linaweza kulipwa mtu na uhai wake, au yakabaki mayatima.

Ndiyo maana katika kambi za uwindaji za Tanzania, mteja aliyetua kwa ndege humwona mwenyeji wake akimpeleka kwanza mbele ya shabaha kabla ya kuonyeshwa mnyama yeyote. Misukosuko ya safari na mizigo inaweza kuisogeza darubini. Risasi mbili au tatu kambini hubaini hilo, na pia humwonyesha mwenyeji mgeni wake ni mtu wa aina gani.

Mazoezi pia ndiyo humwezesha mtu kumudu bunduki kubwa. Nyati huwindwa kwa bunduki zenye tundu la kuanzia inchi 0.375, kama ile iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka wa 1912. Kishindo chake ni kikali mno kwa bega lisilozoea.

Hata wakuu wa dunia hawakuepuka shida hii. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipowasili Mombasa Aprili 1909 kuanza safari yake mashuhuri ya uwindaji, alikuwa mtu mwenye macho hafifu aliyetegemea miwani. Bunduki nzuri alikuwa nazo, lakini hazikumpa macho mapya.

USALAMA KWANZA

Hakuna shabaha inayostahili uhai wa mtu. Kila bunduki huchukuliwa kuwa ina risasi hadi ihakikishwe kuwa haina. Mtutu hauelekezwi kamwe kwa kitu ambacho mtu hakusudii kukipiga. Kidole hukaa nje ya kifyatulio hadi jicho liwe kwenye shabaha. Nyuma ya shabaha sharti pawe na tuta la udongo, kwani risasi ya .30-06 iliyoelekezwa juu inaweza kufika zaidi ya kilomita 4.

Masikio na macho yakingwe. Mlio wa bunduki ya kuwindia hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu uwezo wa kusikia kwa mlio mmoja tu, na madhara hayo hayana tiba.

Katika jimbo la Wisconsin, aliyezaliwa mnamo au baada ya Januari 1, 1973, hawezi kununua leseni ya kuwinda bila kupitia mafunzo ya usalama, isipokuwa kwa masharti maalumu. Wakati wa msimu wa bunduki, angalau nusu ya mavazi ya mwindaji juu ya kiuno sharti iwe ya rangi ya chungwa au, tangu mwaka wa 2016, waridi inayong'aa, ili asidhaniwe kuwa mnyama.

Hapa Kenya, kumiliki bunduki kunaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayeimiliki bila leseni hujitia mashakani makubwa. Anayetaka kujifunza shabaha aende kwenye uwanja unaotambuliwa, chini ya uangalizi wa mkufunzi.

Turudi kwa yule mwindaji wa Wisconsin juu ya jukwaa lake. Kama alifanya kazi yake mnamo Septemba na Oktoba, anajua risasi yake itapiga wapi kwenye mita 150, anajua mkono wake hautetemeki katika umbali huo, na anajua pia ni lini anapaswa kutofyatua. Kama hakuifanya, anachokishika mikononi ni bahati nasibu, na anayeibeba hasara yake ni kiumbe asiyejua kwamba anachezewa.